Wikiendi Dodoma kwa hela ya bumu

Ukitaka kwenda Dodoma kwa mfuko wa mwanafunzi anayetegemea bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kabla hujauliza nauli uliza kwanza Bunge linakaa lini. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo mji unajaa wabunge, maofisa wa wizara, madereva wao, pamoja na kila mwenye shida na mmoja wao. Chumba kilekile cha self (chenye choo na bafu ndani) ambacho Julai mhudumu wa gesti anakubembeleza uchukue, Mei anakwambia "vimejaa" bila kunyanyua macho kwenye simu. Kwa hiyo mimi huenda Julai. Gesti zina nafasi, na bei inazungumzika. Beba sweta tu. Usiku wa Julai kule ni baridi kweli, na upepo wa asubuhi unakuja na vumbi lake.

Usafiri siku hizi si wa kuumiza kichwa. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilianza na shilingi 31,000, kwa safari inayochukua muda wa saa nne hivi. Hela inavuja baada ya kushuka. Stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, na stendi kuu ya mabasi nayo iko kule Nzuguni. Ukifika usiku na begi mgongoni, bajaji itakutajia bei ya mheshimiwa. Chagua treni itakayokufikisha mchana, utoke hadi zinapopakia daladala. Mkiwa watatu, changeni bajaji moja na mpatane kabla ya kupanda.

Malazi ndiyo yanayokula bajeti, siyo chakula. Kulala kwa rafiki aliyepanga geto karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), tuseme Ng'ong'ona, ni bure, ila chuo kiko mbali na mji na utapanda daladala kila unapotaka kutoka. (Na usiende mikono mitupu, nunua hata unga na mboga. Mwenyeji wako naye anasubiri bumu.) Kama huna mwenyeji, tafuta gesti ya kawaida upande wa Majengo. Hata ikiwa ghali kidogo kuliko za pembezoni, tofauti hiyo unairudisha kwa kutembea kwa miguu.

Maana katikati ya Dodoma panatembeleka. Soko la Majengo, Nyerere Square na stesheni ya zamani ya reli ya kati, vyote unavimaliza asubuhi moja bila kulipa kiingilio. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010, ni miongoni mwa mikubwa zaidi nchini. Ukienda, vaa kwa heshima na uombe ruhusa kwanza. Jioni pandeni Mlima Simba muone mji wote chini, ila nendeni kikundi na mshuke kabla ya giza.

Kula kwa mama ntilie, na usikimbilie chipsi ulizoziacha kwenu. Omba ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, chakula cha Wagogo wenyewe. Jumamosi kuna mnada Msalato, na nyama choma ya pale ndiyo anasa pekee ninayoiruhusu. Uliza bei kabla kisu hakijagusa nyama.

Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, iache kwa safari nyingine. Ni mbali kaskazini, na kwa siku mbili utaishia kuona barabara zaidi ya miamba.

Zabibu huvunwa misimu miwili, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia Agosti hivi. Ukizikuta, nunua za kula njiani, maana zikibanwa kwenye begi hadi Dar zinafika juisi. Wa nyumbani wapelekee ubuyu. Na tiketi ya kurudi ikate siku ileile unayokata ya kwenda, hasa kama unarudi Jumapili jioni.