Kata ya Kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza, shangazi yako akipumzika, kilabu cha Bibi pale Kibosho, Kilimanjaro, kifungwe au mweke jokofu la bia na televisheni. Nitakujibu. Ila nyinyi mlikikuta kilabu kimeshachoka, ndiyo maana naanzia mbali.

Miaka ile baada ya vita vya Kagera, bia ilipatikana kwa kujuana. Bibi yako hakujuana na mtu kiwandani, lakini migomba alikuwa nayo, na ulezi alinunua sokoni. Akapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi: ndizi zinachemshwa hadi ziwe nyekundu, zinalala siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unasagwa, unapikwa uji. Kisha gome la mti wa msesewe kidogo, la kutia uchungu. Fedha za kahawa zikitoka, mabenchi hayatoshi, watu wanakalia magogo. Na nimewaambia siku zote: watu hawafuati pombe, wanamfuata mwenye kilabu.

Siku moja, nina miaka 12, akaniachia kilabu akakimbilia msibani kwa jirani. Wazee watano benchini. Nikachota mbege, nikampa mkubwa wao kata ya kibuyu kwa mikono miwili, adabu zote. Akaitazama. Akaiweka chini polepole, isimwagike. Benchi zima kimya. Sikuelewa kitu mpaka Bibi aliporudi. Hakuuliza. Aliinama, akaokota kata ile ile, akapiga funda moja, akaifuta ukingo kwa kiganja, akampa. Mzee akanywa, na maneno yakaendelea pale yalipokatikia.

Sikuwa nimeonja, mwanangu. Nilimpa mtu mzima kinywaji kama ninayemtegea sumu. Bibi hakunisema hata neno, afadhali angenichapa. Mpaka leo nikimimina chai mbele ya wageni nausikia ukimya ule.

Mwaka 1989 makubaliano ya nchi za dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, mabenchi yakabaki wazi. Shangazi yako alirithi madeni na pipa moja. Kata zikawa vikombe vya plastiki. Wewe unasema kilabu kilifia hapo. Sikubali: Krismasi tulipopanda nyumbani nilimwona, hata na plastiki anaonja kwanza. Lakini nilimwona pia akishika kiuno kila akiinua pipa, na nusu ya wateja wake ni wa kukopa. Sasa jokofu lina ubaya gani? Bia inakuja na kizibo chake, haihitaji mtu wa kuionja. Hapo ndipo moyo wangu unakataa... Basi, naishia hapo. Kihamba, shamba letu la ukoo, ni chenu, sitaki isemwe niliamua nikiwa Dar. Ingawa televisheni, kwa kweli, mtu ataongea na nani?

Muulize shangazi yako kabla hujamuuliza fundi. Fika mapema, kabla ya saa kumi, ukae benchi la ukutani. Na mpelekee ulezi. Ameniambia wa sokoni siku hizi umejaa mchanga.

Baba yako