Ramani Iliyogawa Mitaa ya Chicago

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika jiji la Chicago, Marekani, mkazi wa mtaa wa Streeterville anakadiriwa kuishi miaka 90, na wa Englewood, upande wa kusini wa jiji hilohilo, miaka 60. Inakuwaje watu wa jiji moja watofautiane kiasi hicho? Je, ni uvivu, kama wengine wanavyodai?

JIBU: Ndugu msomaji, makadirio hayo yalitolewa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, na kuyaeleza kwa uvivu ni kuwadhulumu watu mara ya pili. Tofauti hiyo ina vyanzo kadhaa, lakini kilicho kikubwa, kwa maoni yangu, ni mikopo ya nyumba. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali kuu liitwalo HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likaipaka rangi ya kijani mitaa iliyohesabiwa kuwa salama kukopeshwa na nyekundu ile iliyohesabiwa kuwa ya hatari. Mitaa ya watu weusi karibu yote iliangukia nyekundu, na idara ya FHA, iliyoanzishwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba, nayo ikaikwepa.

Familia nyeusi iliyonyimwa mkopo wa benki ililazimika kununua nyumba kwa mkataba kutoka kwa walanguzi, mara nyingi kwa bei maradufu ya ile waliyoinunulia wao. Hati ilibaki mikononi mwa muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe. Mnunuzi akikosa malipo ya mwezi mmoja tu, aliweza kupoteza nyumba pamoja na kila alicholipa kwa miaka, hata paa aliloezeka upya kwa fedha zake, na nyumba hiyohiyo ikauzwa kwa familia nyingine. Mzazi wa namna hiyo angewarithisha watoto wake nini? Shule nazo hutegemea sana kodi ya majengo, hivyo thamani ya nyumba inaposhuka, darasa nalo huumia.

Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi, ila haikumrudishia mtu nyumba aliyokwisha kunyang'anywa. Mwaka huohuo wanunuzi wa mtaa wa Lawndale, wengi wao wakifanya kazi mbili ili kulipa madeni hayo, waliunda umoja wao na kugoma kulipa. Baadhi yao walitolewa kwa nguvu na vyombo vyao kuwekwa barabarani. Wengine walishikilia msimamo mpaka wauzaji wakakubali kupunguza deni.