Hulda alipotafutwa, Yeremia alikuwepo

Wiki hii mmeuliza: "Je, Biblia inamruhusu mwanamke kuhubiri na kuongoza kanisa?" Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa kama mtu anayeamini kwamba Maandiko ndiyo yenye neno la mwisho kanisani. Kusema kwamba nyakati zimebadilika hakunitoshi. Kama Biblia ingekataza, nami ningekataza.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wanaopinga ni kwamba Mungu humtumia mwanamke pale tu wanaume wanapokosekana. Wanamtaja Debora: aliinuka, wanasema, kwa kuwa Baraka, aliyepaswa kuongoza jeshi vitani, aliogopa. Lakini fuateni Waamuzi 4 mstari kwa mstari. Mstari wa 4 na wa 5 tunamkuta Debora tayari ni nabii na mwamuzi, ameketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, na Waisraeli wanamwendea awaamue. Baraka anatokea mstari wa 6, tena anaitwa na Debora mwenyewe. Kusita kwake kunakuja mstari wa 8. Woga wake ulimkuta mama huyu akiwa kazini.

Hoja hiyo inazidi kudhoofika tukifika 2 Wafalme 22, sura ambayo naona inahubiriwa kwa nadra mno. Katika mwaka wa 18 wa Mfalme Yosia, kitabu cha torati kinapatikana hekaluni. Mfalme anararua mavazi yake na kuagiza watu wamuulize Bwana. Kuhani Hilkia na wakuu wengine wanne wanakwenda kwa nabii Hulda, mkewe Shalumu. Sasa tazameni Yeremia 1:2: neno la Bwana lilimjia Yeremia tangu mwaka wa 13 wa Yosia huyo huyo. Kwa hiyo Yeremia alikuwa ameshaitwa miaka mitano kabla. Sefania naye alitabiri katika siku za Yosia. Manabii wanaume walikuwepo, na ujumbe wa mfalme ukaenda kwa mwanamke. Hulda aliwajibu, "Bwana, Mungu wa Israeli, asema hivi," na kwa neno lake mfalme akaifanyia nchi nzima matengenezo. Hakuna mahali Biblia inapoomba radhi kwa jambo hilo.

Asubuhi ya ufufuo ni vivyo hivyo. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa hai, tena karibu. Yesu akamtuma Maria Magdalena kwao. Luka 24:11 inasema maneno ya wanawake wale yalionekana kwao kama upuzi. Nawasihi viongozi wa makanisa wausome mstari huo taratibu.

Najua mnasubiri 1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume." Siukwepi. Barua hii ilikwenda kwa Timotheo akiwa Efeso, na tangu sura ya kwanza tunaambiwa aliachwa huko awazuie watu wanaofundisha elimu nyingine. Ni nani alikuwa ameshafundisha katika mji huo huo? Prisila. Matendo 18 inaeleza kwamba Paulo mwenyewe aliwaacha Prisila na Akila Efeso, na huko wakamchukua Apolo, msemaji hodari mwenye uwezo katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Paulo hakumkemea. Katika 2 Timotheo 4:19 anamwagiza Timotheo awasalimie, na jina la mama linatangulia la mumewe. Kama 2:12 ni amri kwa kila mwanamke wa kila mahali, Prisila aliivunja, na Paulo akaendelea kumwita mtenda kazi pamoja naye. Mimi naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba Paulo alikuwa akizuia fujo ya mafundisho ya Efeso.

Wengine watasema Paulo anamtaja Adamu aliyeumbwa kwanza, kwa hiyo katazo ni la milele. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inastahili jibu la heshima. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anautumia mpangilio huo huo wa uumbaji, na katika sura hiyo hiyo wanawake wanasali na kuhutubu mbele ya kanisa. Anachodai ni wafunike vichwa, hawaambii wanyamaze. Tena katika mstari wa 12 anakumbusha kwamba mwanamume naye huzaliwa na mwanamke, na vyote vyatoka kwa Mungu. Kwake, basi, Adamu kutangulia hakukumfunga mwanamke kinywa. Na lile neno la sura ya 14, "wanawake na wanyamaze," lina wenzake wawili: mstari wa 28 unamnyamazisha anenaye kwa lugha bila mfasiri, na wa 30 unamnyamazisha nabii ambaye mwenzake amefunuliwa neno. Hatujawahi kuwafungia manabii maisha yao yote kwa sababu ya mstari wa 30.

Kuhusu "mume wa mke mmoja," sharti la askofu katika 1 Timotheo 3:2, sitasema mengi. Kama maneno hayo yanamfungia mlango mwanamke, yanamfungia pia kijana asiyeoa, na Paulo mwenyewe aliyeishi bila mke.

Wazee na wachungaji mnaosoma hapa, katika makanisa yenu wapo akina mama wanaofundisha watoto, wanaoongoza maombi, wanaokesha na wagonjwa, na mnajua kabisa ni yupi kati yao ana karama ya neno. Mwiteni. Msikilizeni akifundisha, chunguzeni mwenendo wake kama mnavyochunguza wa mwanamume, na akionekana anafaa, mwekeeni mikono.