Umeniuliza habari ya hema

Wete, Pemba

Mwanangu Raya,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako goti linamsumbua kwa mvua hizi za masika, na yule mbuzi mweusi kazaa pacha. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani.

Nataka kwanza nihakikishe nimefahamu. Chuo huko Bergen, Norwei, kinafunga Juni. Wewe na mwenzako Mturuki mnataka kubeba mashanta mpaka visiwa vya Lofoten, mlale hemani, na kazi ya mkahawani mmeshapata: yeye kuhudumia meza, wewe kuosha vyombo na kumenya viazi, wiki saba. Vyumba vya kupanga huko vinameza mshahara wote, ndiyo maana ya hema. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama naona ni salama wasichana wawili kulala hemani nchi ya watu. La pili umelisema mbio mbio mwishoni, kama mtu anayetupa ganda la muwa nyuma ya mlango: bibi tusimwambie, tumwambie uko mafunzoni.

La hema nalimaliza mapema kwa sababu ni jepesi. Mimi ni mtu wa dago, hizi kambi zetu wavuvi za ugenini, na baba yangu alikuwa mtu wa dago. Tumelala chini ya tanga la mashua pwani za watu tangu sina ndevu. Unasema Norwei wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu ruhusa ya kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, alimradi awe mita 150 mbali na nyumba ya mtu, na asikae karibu na watu zaidi ya siku mbili bila ya idhini. Nimeipenda sheria hiyo. Sisi dagoni tulipimana kwa salamu, si kwa mita. Unateremka, unamtafuta mkubwa wa diko, pale wanapoteremshia samaki, unamwambia mmetoka wapi na mna siku ngapi, unampa samaki wa kitoweo, basi umeshakuwa jirani. Nyinyi shikeni mita zenu, lakini na salamu msiziache.

Jengine, msipige hema chini ya ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji. Huo ndio alama ya bamvua, maji makubwa ya mwezi, na bahari ikishaweka alama hurudi kuitazama. Kisiwani Misali tuliwahi kujisahau usiku wa mwezi mpevu, tukaamshwa na maji shingoni, sufuria ya chukuchuku inaelea inakwenda zake Bara. Marehemu Mbwana akaifuata kwa kuogelea. Si kwa ajili ya sufuria, alisema, ni kwa ajili ya changu aliyebaki ndani.

Na jua la huko mwezi wa Juni halichwi, kwa hivyo hilo giza ambalo mama yako analiogopa halipo. Sala mmesema mtafuata saa za Makka. Muulize na imamu wa hapo Bergen, mimi si mwanachuoni. La hema limekwisha.

Linalonikosesha usingizi ni masufuria.

Mwishoni mwa 1984 nilikuwa na miaka 22. Karafuu ilikuwa inaporomoka bei, maana Waindonesia waliokuwa wateja wetu wakubwa walikuwa wamepanda mikarafuu yao. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma, baada ya kufungwa tangu 1977, ingawa wavuvi wetu huo mpaka hawakupata kuuona majini. Kaskazi ikaingia, tukatweka, tukenda dago Shimoni, pwani ya Kenya. Kisa cha Shimoni mnakijua nyote, nahodha aliyechukua fungu la chombo, fungu la wavu, na katika mafungu ya watu akala nusu. Sikirudii. Nilichukua kikapu changu, nikapanda basi, nikavuka Likoni kwa feri, nikaingia Mombasa na shilingi za nauli tu.

Karibu na Mwembe Tayari palikuwa na hoteli ya chakula. Mwenyewe simtaji, keshatangulia mbele ya haki. Nilimuomba kazi, akanitazama mikono, akasema: "Ingia jikoni, tutaelewana."

Mwanangu, neno hilo ukilisikia kwa Kinorwei, kwa Kituruki au kwa Kimakunduchi, vaa viatu uondoke. Mnanicheka nyumbani kila nikisema, lakini ntasema tena: ujira uulize kabla mikono haijarowa. Ikisharowa, unakuwa huulizi tena, unaomba.

Sufuria la pilau la hapo ungeweza kumkogeshea mtoto. Ukoko ulishika chini kama simenti, nami nausugua kwa makumbi na majivu, nimejipinda mpaka kiunoni, nusu yangu ndani nusu nje. Vidole vilichanika pembeni mwa kucha, na kila sahani iliyorudi na ganda la ndimu nilikuwa nauma meno. Usiku nililala stoo juu ya magunia ya mchele. Nilikula vizuri, siwezi kumsingizia. Na nyumbani niliandika barua, kwa mkono huo huo uliochanika, kwamba nimepata ukarani bandarini Kilindini. Bibi yako akaitangaza mpaka Mtambwe.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, ami Faki akaingia hotelini.

Wewe ulimjua babu Faki akiwa mzee wa tasbihi na peremende mfukoni. Wakati ule alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, kaja Mombasa kununua cherehani. Jikoni palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Nilimuona kabla hajakaa. Nikarudi nyuma ya sufuria, nikachutama. Aliagiza wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikawa nasikia sauti yake, ile ile aliyokuwa akinisomeshea juzuu ya Amma, inauliza kama kuna pilipili ya kusaga. Nikamuomba Mungu ale haraka.

Alikula polepole. Alipomaliza akafanya jambo ambalo hapana mteja aliyewahi kulifanya pale, aliinua sahani yake mwenyewe akaileta mpaka kidirishani. Sikuwa na pa kwenda. Nikainuka, masizi mpaka kwenye kope, nikanyoosha mkono kuipokea. Akanitazama sawasawa machoni. Akasema, "Ahsante, kijana." Akageuka, akalipa, akatoka.

Yule samaki alikuwa kaliwa upande mmoja tu. Upande wa chini haukuguswa, umegeuzwa vizuri na kufunikwa wali. Na chini ya wali, imekunjwa mara nne, noti ya shilingi 20.

Kijana. Ami yangu, aliyenishika mkono kunipeleka chuo cha Kurani. Miaka arubaini na ushei nalipindua neno hilo. Siku nyengine nasema alinisitiri: angeniita jina, wahudumu wote wangejua kuwa mtu mwenye kanzu ile ana mwana anayechutama nyuma ya sufuria, na mimi ndiye niliyejificha kwanza. Siku nyengine nasema alinikana. Nikisema alinikana naikumbuka ile noti. Nikiikumbuka noti nasema noti hupewa yeyote, jina ndilo hupewa wako. Nilirudi Wete, akaoza mabinti, tukakaa barza moja jioni ngapi, hakulitamka na mimi sikulitamka. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomuosha.

Samaki nilimla, nisikufiche. Nilimla nikiwa nimesimama.

Mwezi wa nne nikamwambia mwenye hoteli nataka changu, masika yanaingia, nakwenda kwetu. Akatoa daftari. Chakula kimeandikwa. Malazi, yaani yale magunia, yameandikwa. Glasi kumi na moja, nami nilivunja tatu. Nikatoka na nauli na kanga doti moja ya bibi yako, ambayo hadi leo anayo sandukuni, na mnadhani imetokana na mshahara wa bandarini.

Sasa rudi kwako. Umesema huko kazi za hoteli na mikahawa zina kima cha chini cha mshahara kinacholazimishwa tangu 2018, na mkataba lazima uandikwe. Vizuri. Umeushika mkononi? Umeusoma wewe, au umesomewa? Unasema chakula cha mchana ni bure. Bure hiyo imeandikwa wapi? Glasi ikivunjika ni ya nani? Na kibali chako cha mwanafunzi, najua wakati wa masomo ni saa 20 kwa wiki na likizo ni kazi ya siku nzima, lakini hakikisha tarehe za likizo zao ndizo tarehe za chuo chako. Uliza sasa, mikono ingali mikavu.

Hapa najishika mwenyewe shati. Mimi niliosha kwa kukosa, wewe unaosha kwa kutaka. Una shahada moja na unatafuta ya pili, ukichoka unafungua zipu ya hema unaondoka. Hicho si kisa kimoja. Halafu nasema, mbona basi na wewe umetafuta neno la kufunikia? Mafunzoni! Na mimi nilisema bandarini.

Mama yako nilimsomea ujumbe wako akiwa anakuna nazi. Alisema, "Kwani lazima?" akaendelea kukuna. Mimi ukitaka niseme nenda, sisemi. Ukitaka niseme usende, nalo sisemi, ingawa limenijaa mdomoni kama tambuu. Una miaka 26. Mimi kwa umri huo nilikuwa nimeshakuwa baba wa kaka yako, na bado nilikuwa sijui kitu. Usinihesabie hilo kuwa ni ruhusa. Wala usinihesabie kuwa ni katazo.

Kitu kimoja kizuri, kabla sijasahau. Kile ulichotwambia kwenye simu, kwamba huko Lofoten samaki huanikwa juu ya vichanja tangu Februari mpaka Mei bila ya punje ya chumvi, upepo na baridi tu, nimekipeleka barza na nimeitwa muongo. Sisi ng'onda bila chumvi siku ya pili ni funza. Ukipita kwenye vichanja hivyo, hata kama samaki wameshateremshwa, piga picha. Nina hesabu na watu hapa.

La bibi, nimelivunja. Nisamehe. Jana baada ya laasiri nilimwendea ukumbini, nikamwambia yote, Lofoten, hema, vyombo. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. Akapepeta ungo mara mbili, akasema:

"Na hao watamlipa, au kama walivyokulipa wewe Mombasa?"

Nikakaa chini. Sikumuuliza nani alimwambia, wala lini. Aliokota chenga, akaitupa kwa kuku, kisha akataka kujua kama hilo hema lina mlango. Nikamwambia lina zipu. Akauliza kama inafungika kwa ndani.

Nijibu hilo upesi, ananisubiri.

Baba yako