Anza kusoma kabla mgongo haujakukataa

Nimebeba boksi Minneapolis miaka tisa. Wadau mlioko ughaibuni mnajua "kubeba boksi" ni msemo tu wa kazi yoyote ya jasho, lakini mimi nilizibeba kweli: ghalani, zamu ya usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, nikipakia malori. Nilifika nikiwa na mpango ulionyooka. Nijenge kwetu kwanza, paa likishakaa nirudi shule. Nyumba ikafika kwenye lenta. Mwaka uliofuata ikawa pale pale kwenye lenta, na uliofuata tena hivyo hivyo.

Aliyenigutusha ni mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku, shabiki tangu utotoni wa Vikings, timu ya futiboli ya Kimarekani ya jimbo letu la Minnesota. Usiku mmoja wakati wa mapumziko nilikuwa nimeegemea ukuta, mfuko wa barafu umebanwa kiunoni. Akanitazama, akainua mkono, akakivuta kidole chake cha mwisho hadi kikaelekea pembeni kama kona ya meza. "Unamjua mwenye kidole hiki?" Sikumjua. Akasema basi huo ndio uchuro wangu, naishi mji huu bila kumjua Alan Page.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani: Page alicheza mstari wa mbele wa ulinzi. Ile ni kazi ya kugongana. Mpira ukianza tu, unamvaa jitu lililo mbele yako, unalipita, unamkimbilia mrusha mpira kabla hajarusha. Halafu mnarudi kwenye mstari na kuanza upya, mara kadhaa wa kadhaa kwa mechi moja. Vidole huteguka, vinarudishwa pale pale pembeni ya uwanja, na vingine havirudi sawa tena. Vikings walimchukua mwaka 1967 kutoka chuo cha Notre Dame, na mwaka 1971 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima, mlinzi wa kwanza kuipata heshima hiyo. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, alifika mara nne na timu yake, wakafungwa zote nne. Mzee wangu hadi leo akifika hapo anashusha sauti kama anazungumzia msiba.

Kilichonishika ni mambo yake nje ya uwanja. Alijaribu shule ya sheria mapema, akiwa bado kijana wa ligi, akaacha baada ya wiki tatu. Hakuelewa wanachosema darasani. Mwaka 1975 akarudi, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akasoma huku anacheza. Mwaka 1978 akapata shahada yake.

Sasa angalia mwaka huo huo kilichomkuta. Mkewe, Diane, alikuwa ameanza kukimbia ili aache sigara. Page akamfuata, akanogewa, uzito ukapungua. Vikings wakaona amekuwa mwepesi mno kwa kazi ya kugongana, wakamwacha katikati ya msimu. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya kawaida ya mchezaji aliyeachwa: dola 100. Mchezaji bora wa ligi, dola 100! Mwenye mali akishaona mwili wako haumfai, hana mjadala na wewe. Ila huyu shahada tayari alikuwa nayo. Alichezea Bears hadi 1981, nje ya msimu akifanya kazi ofisi ya mawakili, kisha akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Chama cha wachezaji wa ligi ile husema wastani wa mchezaji kudumu ni miaka mitatu na kitu. Page alicheza 15. Angekuwa na kila sababu ya kusema "bado nipo nipo".

Mzee alinitajia na wa upande wa pili, Mike Webster wa Pittsburgh Steelers. Januari 1975 Steelers waliwafunga Vikings kwenye Super Bowl, na Webster alikuwa kijana wa msimu wa kwanza. Page alishindwa fainali nne. Webster alishinda nne. Alicheza misimu 17. Baada ya hapo akili ikaanza kumpotea, fedha zikaisha, akawa analala garini, akafariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake, Bennet Omalu, Mnigeria, ndiye aliyekuta humo ugonjwa wa kugongwagongwa kichwa ambao ligi haikutaka kuusikia. Sisemi kwamba darasa lingemwokoa Webster. Ubongo ukishaumia hauulizi cheti. Ninachosema ni kwamba kazi ya mwili inakukopesha, na siku ya kudai huijui.

Mimi siku yangu ilikuja kwenye boksi la kawaida kabisa, la sabuni. Niliinama, nikashindwa kuinuka. Wiki sita nyumbani. Hapo ndipo nikaenda kujiandikisha chuo cha karibu, masomo ya uhasibu, na kosa langu la kwanza msilirudie: nilichukua masomo matatu kwa pigo moja, kama mtu anayekimbizwa. Niliporudi zamu usiku, asubuhi darasani nilikuwa nasinzia hadi kalamu inaanguka. Wiki ya nne nikaacha yote, na ada ikawa imekwenda. Aibu ile niliibeba karibu mwaka. Nilipokumbuka zile wiki tatu za Page ndipo nikarudi, somo moja tu.

Somo moja kwa muhula, jamani. Linaonekana mzaha. Chagua darasa la jioni, kabla ya zamu, baada ya kulala. La asubuhi litakuua. Mwambie msimamizi mapema, kabla hujaanza kuomba ruhusa. Na watu wa nyumbani usiwape tarehe ya kumaliza, maana wataihesabu kuliko wewe. La pesa ndilo gumu zaidi: nilisimamisha ujenzi. Miaka mitatu lenta ilinyeshewa mvua, mama akinuna kwenye simu, akinitajia mtoto wa jirani aliyeezeka. Nikasema "Mama, nivumilie," sikuwa na lingine. Leo nashika vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo ya malori, nimekaa kwenye kiti, na mgongo bado unalalamika kukiwa na baridi.

Page naye hakupewa kiti cha ujaji kwa jina lake. Kule majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hupigiwa kura. Mwaka 1992 alipotaka kugombea, gavana alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekuwepo, kwa hiyo kura isingekuwepo. Page akaenda mahakamani, akashinda, akagombea, akashinda tena. Mweusi wa kwanza kwenye mahakama ile. Alikaa tangu 1993 hadi 2015, alipofika miaka 70 ambayo sheria ya jimbo inamtaka jaji apumzike. Ukipiga hesabu, ujaji wake ulikuwa mrefu kuliko mpira.

Oktoba mmoja nilikwenda kutazama marathoni ya mji, karibu na ziwa la Lake of the Isles. Wakenya walikuwa wameshapita kitambo. Waliobaki ni wale wa kujikongoja, na kando ya njia alikuwepo mzee mrefu amejizungushia tarumbeta kubwa la shaba, analipuliza kuwatia moyo. Kila mwenyeji alimjua. Nilimpiga picha kwa mbali, nikamtumia mwenzangu wa ghalani.

Akajibu papo hapo: "Kidole umekiona?"

Nikaikuza picha. Kilikuwa kimechomoza pembeni, peke yake, hakijagusa tarumbeta.