Makosa niliyofanya kwenye amplifaya yangu ya kwanza ya gitaa, we usiyarudie

Amplifaya yangu ya kwanza ilikua ya wati 100. Sitanii. Hedi (amplifaya yenyewe isiyo na spika) ya wati 100 na kabineti yake (kasha la spika) yenye spika nne za inchi 12, vyote vikipandana vinanifika karibu na kifua. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na sababu yenyewe ilikua ya kitoto tu, kila picha ya mpiga gitaa jukwaani naona yale makabati meusi yamepangwa nyuma yake, basi nikajua ukishakua nalo tayari umeshakua mpiga gitaa. Nikaliweka chumbani, na chumba chenyewe kitanda kikiingia na meza hakuna pa kugeukia.

Sasa ile nobu ya volyumu. Kutoka kimya kabisa mpaka madirisha kutetemeka ilikua ni safari ya unene wa ukucha. Unaigusa hivi, hakuna kitu. Unaigusa tena kidoogo tu, mama anagonga mlango. Kwa hiyo mwaka mzima nilipiga gitaa ndani ya ule unene wa ukucha, na pale chini sauti ilikua nyembamba, imekufa, haina besi, kama mtu anaongea amefunikwa blanketi. Nikawa najilaumu vidole. Nikabadilisha nyuzi, nikabadilisha kebo, nikaanza hadi kupiga hesabu za gitaa jingine. Siku moja nikaenda kwa rafiki yangu anayepiga ridimu kwenye bendi, nikachomeka gitaa langu lilelile kwenye kiamplifaya chake cha wati 15, nikapiga kodi moja ya E, yaani noti kadhaa kwa pamoja, nikaiacha ilie. Ikalia mpaka mwisho, kila uzi unausikia peke yake. Nikakaa kimya, yaani niliskia uchungu kabisa, mwaka mzima gitaa halikua na shida yoyote.

Ndo maana nikiulizwa na mtu anayeanza gitaa la umeme, cha kwanza simuulizi anataka chapa gani. Namuuliza utapigia wapi, na huko utaruhusiwa kufungulia kiasi gani. Chagua amplifaya kwa sauti utakayoipiga kila siku, sio ile utakayoipiga siku ukipata jukwaa. Na usimalize hela zote kwenye gitaa alafu amplifaya ukaokoteza, watu wengi tunafanya hivyo. Gitaa la umeme peke yake linatoa ishara ndogo mno ya umeme, sauti yenyewe inatengenezwa mbele huko kwenye amplifaya na spika. Gitaa la kawaida kwenye amplifaya nzuri utalipenda, ila gitaa la gharama kwenye amplifaya mbovu litakutia aibu.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndo wengi tunapotea. Wati 100 sio mara mbili ya sauti ya wati 50. Tofauti yao ni desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), unaiskia lakini sio kitu cha kukushtua. Ili sikio lako lione kama sauti imeongezeka mara mbili unahitaji kama wati mara kumi, kwa hiyo kinachoonekana mara mbili ya sauti ya wati 10 ni kama wati 100, sio 20. Na spika nayo ina neno lake, spika inayotoa desibeli 100 ukilinganisha na inayotoa desibeli 97 kwa wati ileile moja, ni sawasawa na kuongeza wati mara mbili bila kubadilisha amplifaya. Kingine nilichokuja kukijua baadaye, masikio yetu yenyewe sauti ikiwa ndogo yanapoteza besi kwanza, kwa hiyo ule wembamba niliokua nauskia chumbani nusu ilikua amplifaya na nusu ilikua masikio yangu.

Kwa chumbani, wati 5 mpaka 20 zinatosha na zinabaki. Hata ya valvu (zile taa za kioo za ndani, za teknolojia ya zamani) ya wati 1 inaweza kukugombanisha na jirani. Ukianza kupiga na mtu wa ngoma ndo hesabu inabadilika, hapo ya valvu ya wati 15 mpaka 30 inajitetea vizuri, ya transista (vipande vidogo vya kielektroniki badala ya taa) wengi wanapendelea iwe na wati zaidi. Sababu ni kwamba valvu ikizidiwa inaanza kupasua sauti taratibu, kwa utamu, kwa hiyo unaweza kuisukuma na bado ikasikika vizuri. Transista ikizidiwa inakata sauti ghafla, inakua kali masikioni, kwa hiyo unahitaji ibaki na nafasi ya kupumua.

Na hapa lazima niseme kitu kwa wale wanaokwambia kama sio ya valvu sio amplifaya. Valvu nazipenda, sikatai. Ila Roland JC-120 imetoka mwaka 1975, ni transista tupu, na mpaka leo iko kwenye majukwaa na mastudio kwa ajili ya ile sauti yake safi isiyochafuka. Na hii distoshoni, yaani huko kupasuka kwa sauti, tunayoililia leo, mafundi wa mwanzo walikua wanaikimbia kabisa. Kina Jim Marshall pale London, mwaka 1962 walitengeneza amplifaya yao ya kwanza kwa kufuata mzunguko wa umeme wa amplifaya ya Fender Bassman, ambayo kama jina lake lilivyo ilikua ya gitaa la besi, alafu wapiga gitaa wakaifungulia mpaka ikapasuka na wakapenda walichoskia. Kwa hiyo mtu akikuletea habari za sauti halali na sauti haramu, msikilize tu, we nunua unachokipenda.

Kwa mtu mpya mi ningeshauri hizi za kidijitali zinazoiga amplifaya nyingi, kina Boss Katana, Fender Mustang, Yamaha THR na wenzao. Zinatoa sauti nzuri zikiwa chini, zina sehemu ya hedfoni, rivabu (mwangwi) na dilei (sauti kujirudia) ziko ndani, huhitaji kukimbilia pedali (visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti). Hatari yake ni moja na mimi nimeiishi. Nilipopata ya kwanza ya aina hii nilimaliza kama mwezi hivi nazungusha tu kutafuta sauti, dakika tano nasikiliza hii, dakika tano ile, mazoezi hakuna, vidole vimelala. Chagua sauti moja safi na moja ya distoshoni, zingine jifanye huzioni kwa miezi mitatu.

Spika usiidharau. Zile ndogo za inchi 6 na nusu zinafaa kujifunzia ila zina kasauti kama ka redio ya mezani, hata ufanye nini na nobu ya besi. Kama una uwezo anzia inchi 8 au 10, na inchi 12 ndo kipimo ambacho wengi tumezoea kukisikia kwenye gitaa. Kabineti iliyo wazi nyuma inasambaza sauti chumba kizima, iliyofungwa inapiga mbele na besi yake inakua imebana. Hapo hakuna jibu sahihi, ni masikio yako tu.

Kujaribu sasa. Nenda na gitaa lako mwenyewe na kebo yako, usijaribu kwa gitaa la pale lililotundikwa ukutani ambalo hata nyuzi zake ni tofauti na za kwako. Na nakuomba sana usimwache muuzaji akupigie. Wale jamaa wanapiga vizuri mno, hata debe atalifanya liimbe, alafu ukifika nyumbani unabaki unaliangalia lile debe. Usione aibu kwamba unajua kodi tatu tu, piga hizohizo tatu.

Weka nobu zote ziangalie juu katikati, kama mshale wa saa sita. Zima distoshoni, zima rivabu, zima kila kitu. Volyumu ndogo, ile ya usiku watu wamelala. Piga uzi mnene wa E peke yake uache ufe wenyewe, sikiliza kama unakufa taratibu au unakatika. Alafu kodi nzima, je unasikia nyuzi sita au unaskia uji. Alafu piga kwa upole sana, alafu piga kwa nguvu, amplifaya nzuri inakujibu tofauti, mbovu inakupa kitu kilekile. Baada ya hapo shika nobu moja moja, besi (sauti nene), midi (ya kati), trebo (kali), izungushe mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kukutana na amplifaya nobu ya midi ukiizungusha hakuna kinachobadilika, ipo pale kama pambo. Ukishamaliza yote hayo ndo uwashe distoshoni, kwa sababu distoshoni inaficha madhambi mengi na ukianza nayo utatoka na furaha isiyo na msingi.

Kuna muungurumo utausikia ukiacha kupiga. Kabla hujaikataa amplifaya, simama na gitaa ugeuke taratibu kama unazunguka kiti, ikiwa muungurumo unapanda na kushuka kadiri unavyogeuka basi hizo ni pikapu za gitaa lako (vile vipande chini ya nyuzi vinavyonasa mlio wake) zinadaka umeme wa chumbani, hasa zile za koili moja. Ukishusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri na bado inanguruma vilevile, mashaka yako yahamishie kwenye amplifaya.

Ikiwa ni mtumba, chezesha jeki (tobo la kuchomekea kebo) kidogo kebo ikiwa imechomekwa uone kama sauti inakatika. Nobu zikikwaruza wakati unazizungusha mara nyingi ni vumbi, inasafishika, sio sababu ya kuikimbia ila ni sababu ya kuomba punguzo. Alafu geuza nyuma usome volteji. Hili nalisema kwa uchungu. Nilishawahi kuchomeka amplifaya iliyoandikwa 120 kwenye soketi ya 230 kwa sababu plagi iliingia na mimi nilikua na haraka. Haikutoa hata noti moja. Ilitoa kasauti ka "tap", kakafuata kaharufu, basi. Nikaambiwa na fundi, mdogo wangu, ungesoma tu kale kakaratasi ka nyuma. Ukikuta imeandikwa 120 na kwenu umeme ni 230, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, hiyo nayo iingize kwenye hesabu kabla hujatoa hela.

Za valvu zina masharti yake zaidi. Usiiwashe ukapiga bila spika kuchomekwa, utaunguza transfoma ya kutolea sauti na hiyo sio kitu cha bei rahisi. Omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za hedi na za kabineti zilingane, palipoandikwa 8 ipeleke kwenye 8. Na kebo ya spika sio kebo ya gitaa hata kama kwa nje ni mapacha, ya gitaa ndani ina kawaya kembamba hakajatengenezwa kubeba nguvu ile. Valvu zenyewe zinachoka kwa matumizi, iko siku utazibadilisha, ni kawaida. Ila kuifungua mwenyewe kwa bisibisi hapana, mle ndani kuna mamia ya volti yanaweza kubaki hata baada ya kuchomoa ukutani, mpelekee fundi.

Vitobo vya nyuma nitapita haraka. Cha hedfoni kwa anayekaa na watu mi naona ni lazima. Cha kuingizia muziki toka kwenye simu ili upige ukifuatisha, utakitumia kila siku. Sehemu ya kuzungushia pedali, ile ya kutoka na kurudi, inakusaidia dilei na rivabu zikae baada ya distoshoni zisichafuke, nzuri ikiwepo lakini kwa mwaka wa kwanza hutaililia.

Ile hedi ya wati 100 niliiuza kwa jamaa mwenye bendi inayopiga viwanja vya wazi, yeye anaifurahia na mimi nalala usingizi. Sasa hivi natumia kombo moja (amplifaya na spika kwenye kasha moja) ya wati 20 yenye spika ya inchi 12, na hata hiyo karibu niiuze, maana nilikua naiona imefifia, natia trebo, natia tena trebo, na kila aliyekaa mbele yangu analalamika masikio yanamuuma. Kumbe nilikua nimeiweka sakafuni, mimi nimesimama, spika inaimbia vifundo vya miguu yangu na wao waliokaa wanaipokea yote usoni. Nikaipandisha juu ya kiti, nikaiinamisha kidogo iniangalie, na trebo ikabidi niishushe karibu nusu.