MBA au Usimamizi wa Teknolojia? Namjibu Kijana wa Muheza

Juzi usiku nimeshafunga kompyuta, ukaingia ujumbe wa kijana mmoja wa Muheza. "Shikamoo kaka. Nina digrii ya kompyuta na miaka minne kazini. Nataka kusoma uzamili. Nichukue MBA, ile ya usimamizi wa biashara, au usimamizi wa teknolojia? Ipi ina soko?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia nitamwandikia kesho yake. Usingizi ukapaa. Swali hilo hilo niliwahi kujiuliza, nikalijibu kwa hasira, na gharama yake naijua mwenyewe.

Presha yake naielewa. Tanga ya sasa si ile tuliyokuwa tukitaniwa kwamba imelala. Bandarini, ambako meli zilikuwa zikitia nanga mbali na shehena kufuatwa kwa matishari, sasa kuna gati la mita 450 na kina cha mita 13, meli inakuja yenyewe kujifunga. Chongoleani, hapa hapa Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kila kijana mwenye ndoto anatafuta karatasi ya kumvusha getini. Mimi nilianza kuitafuta kabla hata gati halijaongezwa.

Nilikuwa msimamizi wa mifumo kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo. Nikaandika andiko la kununua mfumo wa kufuatilia makontena pamoja na seva yake, jumla shilingi milioni 40. Hesabu yangu ilionyesha tutaokoa milioni 12 kwa mwaka, nyingi zikiwa faini za kuchelewesha kontena na malipo ya saa za ziada. Kikaoni nikaeleza kasi, usalama, nakala rudufu, nikaeleza mpaka nikajisikia raha. Mkurugenzi akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja tu: "Hela yangu itarudi lini?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Mhasibu wetu, mama mmoja wa makamo, akageuza risiti ya dizeli iliyokuwa mbele yake, akaandika mgongoni mwake 40, chini yake 12, akapiga mstari. Kalamu haikuchukua hata nusu dakika. "Miaka mitatu na miezi minne," akasema, "kama hakitaharibika kitu." Mkurugenzi akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu wa nyaya. Mambo ya hela waachie wenyewe." Chumba kizima kikacheka. Hata aliyeleta chai alicheka, na chai yenyewe ilikuwa ya baridi.

Basi mimi MBA sikuifuata kwa ajili ya kusoma. Niliifuata kulipiza. Ijumaa napanda basi stendi ya Kange, Segera, Mkata, Chalinze, naingia Dar usiku na shingo imekaza, Jumapili narudi. Ya ada na tasnifu nayaruka; aliyepitia anajua, asiyepitia hataamini.

Ila kipindi kimoja sitakisahau. Mhadhiri alikuwa akifundisha kwamba milioni 12 utakayoipata mwakani si sawa na milioni 12 iliyo mkononi leo, kwa hiyo kila mwaka unaipunguza kwa kiwango cha riba. Nikachukua andiko langu la zamani nikalipitisha humo. Mfumo wa kudumu miaka mitano, riba ya asilimia 18. Kwa macho ni milioni 60. Kwa thamani ya leo ni milioni 37 na nusu. Gharama milioni 40! Andiko langu lilikuwa la hasara, na yule mama na risiti yake ya dizeli alikuwa amenisitiri. Nimesafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda kuhakikishiwa kwamba walionicheka walikuwa na haki ya kucheka zaidi.

Lakini nilirudi mwingine, sitajificha kwa hilo. Hesabu za fedha, masoko, rasilimali watu, sheria za biashara, mikakati, vyote nilivionja. Nikaanza kuvaa tai. Nikaanza kuulizwa.

Ndipo nikaanguka mara ya pili, na hii ndiyo inayoniuma.

Kampuni iliamua kukodi mfumo uliokuwa tayari, kwa malipo ya kila mwaka. Hesabu nilizifanya mimi, safi, kila shilingi mahali pake. Kwenye kikao, binti mmoja mhandisi, mdogo wangu kwa umri na kwa cheo, ambaye alikuwa anasomea usimamizi wa teknolojia, akanyoosha mkono. "Siku tukiachana na hawa watu, kumbukumbu zetu tunatoka nazo vipi?" Nikamjibu, "Dada, hilo ni la kiufundi, tutaliangalia baadaye." Maneno yale yale niliyopigwa nayo, nikayapaka sukari tu.

Mwaka wa pili bei ikapanda. Tukataka kuondoka. Mkataba haukuwa na hata mstari mmoja unaosema taarifa zetu tutakabidhiwa kwa namna gani, basi wakatukabidhi picha za kurasa, maelfu, jedwali hata moja hakuna. Makarani wawili wakakaa wiki kadhaa wakiziandika upya. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba dirisha la kupokelea nyaraka halikuwahi kuuamini mfumo ule tangu siku ya kwanza. Chini ya meza kulikuwa na kaunta buku kubwa la jalada gumu, kona zimelika, kila kontena limeandikwa humo kwa bluu na waliolipa wamepigiwa vema kwa nyekundu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, ila za mfumo ambao hakuna aliyeutumia.

Nafasi ya kuongoza idara ilipotangazwa, akapewa yule binti. Nilisoma kwenye ubao wa matangazo, nimeshika kikombe, kama mgeni aliyekuja kuulizia mzigo. Anastahili, sibishi. Nasema tu kwamba mtu angeweza kuniita ofisini.

Sasa, mdogo wangu wa Muheza, tofauti yenyewe ni hii. MBA ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1908, kuwaandaa watu wa kuendesha biashara nzima: fedha, watu, soko, sheria. Usimamizi wa teknolojia ulikuja baadaye sana. MIT, chuo cha teknolojia huko huko Marekani, walianzisha programu yao mwaka 1981, wakiwalenga zaidi wahandisi na wanasayansi waliokwisha kufanya kazi. Huko unafundishwa kuuliza maswali ya yule binti: tutengeneze, tununue au tukodi? Haki ni za nani? Teknolojia hii inapanda au imefika kileleni? Na watu watakubali kuacha kaunta buku?

Ukidhani hayo ni ya Wazungu, tazama mkonge wetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miaka ya 1960 mwanzoni Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuuzalisha. Ulivyoporomoka sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo kubwa ni kamba za plastiki. Mashambani humo wahasibu walikuwepo, tena wazuri. Daftari likakaa sawa, soko likaondoka. Kwa barabara ya kutoka kwenu kuja mjini hiyo habari unaipita kila siku dirishani.

Kwa hiyo usiniulize ipi ina soko. Kaa chini uandike swali lililokuumbua kazini. Kama ni "hela itarudi lini", nenda MBA. Kama ni "tutatokaje humu", nenda usimamizi wa teknolojia. Kama hujawahi kuumbuliwa, fanya kazi kwanza, bado hujafika darasani. Na usiende kwa sababu ya bosi aliyekucheka! Huyo bosi hatakulipia ada, wala siku ukimaliza hatakumbuka alisema nini. Wangu nilipompelekea cheti alisema, "Hongera, ulikuwa unasoma?"

Jambo jingine, usinunue jina la mlangoni. Omba orodha ya masomo, soma moja moja. Utakuta MBA yenye mifumo ya taarifa ndani yake, na usimamizi wa teknolojia wenye fedha na masoko. Hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanaitambua programu yenyewe, na kama ni ya nje kwa intaneti ndiyo uhakikishe mara mbili kabla hujatoa senti. Halafu piga hesabu ya muda: kwa mfumo wa kwetu uzamili hauanzi chini ya krediti 180, na krediti moja ni saa kumi za kujisomea na darasani. Saa 1,800 hizo. Ukiwa na kazi na mtoto mdogo, zote zinatoka usiku. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa hapa Tanga, uliza nao wana nini kabla hujaanza kuhesabu mabasi kama mimi. Na narudia, andika lile swali. Vijana wengi wananiandikia, hakuna anayeliandika.

Haya yote nilimtumia asubuhi, kwa vipande tisa vya ujumbe. Alasiri akajibu: "Asante sana kaka, nimekuelewa vizuri. Sasa ipi ina ada nafuu?"